Kabla ya Plasta

Jumamosi ile nilipanda kilima cha Bwera mbio mbio, mimi Wivine binti ya Hardy, mwanamke mzima mwenye meza yake ya vitenge sokoni Mpondwe, kikapu kinanigonga ubavuni na viatu nimevishika mkononi. Wanawake waliokuwa wakianika muhogo kando ya njia waliniuliza kuna nini huko juu. Niliwajibu bila kusimama.

"Kuna nyumba!"

Asubuhi fundi Nobert alikuwa amenitumia ujumbe mtamu kuliko barua zote za mapenzi nilizowahi kupata: mje leo mnionyeshe kila taa itakaa wapi, Jumatatu nakata ukuta. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu msingi ulipochimbwa. Kuna wasichana wanaoota gauni la harusi. Mimi tangu utotoni nimeota swichi. Nilikuwa nikilala najipangia: taa hii hapa, ile pale, na nikiingia mlangoni gizani mkono wangu ujue wenyewe pa kugusa.

Tena Crispus alikuwa amerudi kutoka Kasese. Nisijifanye, hilo nalo lilinipa mbio.

Nilimkuta amesimama katikati ya sebule yetu, sebule isiyo na dari wala plasta, matofali mekundu pande zote na jua linaingia kwa madirisha yasiyo na vioo. Yeye hununua kahawa kwa ajili ya ushirika mmoja mjini Kasese. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa yuko barabarani, leo Bugoye, kesho Ibanda, na mimi nabaki na sauti yake kwenye simu. Sauti yake ni nzuri, siikatai. Lakini sauti haina mabega.

"Umekimbia," alisema akitabasamu.

"Mi? Apana. Nilikuwa natembea."

"Na mbona unahema?"

"Ni mulima."

Alicheka, akanisogelea, akanifuta jasho la paji la uso kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa na vumbi la matofali. Najua aliniachia alama nyekundu, na sikuifuta. Tulitazamana. Crispus ana namna yake ya kumtazama mtu, polepole, kama anayechagua punje za kahawa na ameshaipata anayoitaka. Moyo ulinidunda hadi nikahisi aibu, maana hatukuwa peke yetu.

"Hiyo umeme yenu mimi sina waya yake," Nobert alisema kutoka juu ya ngazi. "Mimi naulizia ya nyumba."

Nobert ni mfupi, mnene, na mdomo wake haupumziki hata akiwa ameng'ata msumari. Alishuka, akaniwekea kipande cha chaki kiganjani.

"Dada, chora. Mahali pa taa, weka msalaba. Mahali pa swichi, mstari. Soketi, chora sanduku. Lakini fikiri mbele ya kuchora. Plasta ikishapita, hata ukiomba Mungu swichi ihame, Mungu atakutuma kwangu, na mimi nitakataa."

Basi tukaanza. Jamani, sijui kama nitapata tena furaha ya namna ile! Nilichora msalaba wa kwanza ukutani. Palepale nikaiona taa imewaka, nikaiona meza chini yake, na sahani, na watu.

"Juu ya meza nataka taa ya kuning'inia," nilisema. "Ishuke chini, karibu na chakula. Batu baonane macho."

"Nikisimama itanigonga kichwa," alisema Crispus.

"Sababu gani usimame? Kwa meza batu banakaa."

"Nobert, weka ya kuning'inia," alisema. "Kichwa changu kitazoea."

Kwenye baraza ndipo tulipogombana kwanza, ugomvi mzuri. Mimi nilitaka balbu ya manjano, ile isiyovuta wadudu, maana mvua zikianza kumbikumbi hujaa kwenye taa hadi ukifungua mlango wanakuingilia mdomoni.

"Wewe!" Crispus alishika kiuno. "Unafukuza kumbikumbi? Hiyo ni chakula! Mimi nataka balbu nyeupe, kali. Naweka beseni ya maji chini, asubuhi tunakaanga."

"Utakaanga weye. Mi sitaki mabawa ndani ya salo, sebule yangu."

"Mtu wa Congo asiyependa kumbikumbi! Nobert, umeshaona hii?"

"Wekeni mbili," Nobert alisema. "Ya manjano ya mama, nyeupe ya kumbikumbi. Kila moja na swichi yake. Ndoa nyingi zimepona kwa swichi mbili."

Alivyotamka neno ndoa, mimi na Crispus tuliangalia pembeni. Kisha yeye akanitazama kwa jicho la wizi, nami nikamkamata, tukacheka wote wawili kama wanafunzi.

Tukaingia chumba cha kulala. Nobert aliuliza swichi ngapi. Nilisema mbili, moja mlangoni na moja karibu na kitanda, mtu asitoke kwenye joto kwenda kuzima taa. Nobert akauliza kitanda kitakaa upande gani. Crispus alijifanya anakagua dirisha. Mimi nilichora mstari ukutani haraka haraka, huku masikio yamepata moto.

"Huo ndio upande wako?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni upande ya swichi," nilimjibu. "Mwenye atalala pale njo atazima."

"Basi nalala huko. Wewe usisumbuke kabisa."

Nilichora mstari wa pili upande wa pili wa kitanda ambacho hakikuwepo, ili asije akasumbuka peke yake.

Ningependa kusema kwamba siku nzima ilikuwa hivyo. Lakini nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja ambao hatukuwa na ufunguo wake, nao ulikuwa mama yake.

Mama Rusi ni mjane wa mzee Yosamu. Kiwanja tunachojengea kilikuwa shamba la kahawa la mzee huyo, na kando ya ukuta wetu michache ya mibuni yake bado imesimama. Tangu Pasaka, Mama Rusi amekataa kuvuka daraja kwenda Kasindi, upande wa Congo, kuniomba kwa baba yangu. Baba wadogo wa Crispus wako tayari, nguo zao za harusi zimeshapigwa pasi, ila wamesema bila mama hawavuki. Na baba yangu ni mtu wa msimamo. Aliniambia, "Mama ya ule kijana avuke na miguu yake, akuje aniombe mutoto. Asipovuka hakuna ndoa. Sitaki mutoto yangu akuwe muke ya kujificha." Kwa hiyo tulikuwa na ukuta, tulikuwa na paa, tulikuwa na mapenzi ya kujaza vyumba vyote, na ndoa hatuna.

Si kwamba Mama Rusi ananichukia. Ukatoliki wangu alishanisamehe. Alisema Mungu atautazama mwenyewe. Kinachomkera ni kitu kingine, na alikisema mbele ya ukoo mzima: Wakongo ni watu wa kurudi kwao. Siku kwao kutakapotulia, huyu msichana atabeba masufuria yake na atambeba na mtoto wangu.

Nami nilikuwa nimeingia jikoni na kikapu changu.

Jikoni ndiko nilikokuota kuliko kote. Niliweka msalaba wa taa juu kabisa ya meza ya kukatia, si nyuma yake. Kwa shangazi yangu, ninakoishi, balbu iko nyuma ya mpishi, na miaka yote hii nimekata vitunguu ndani ya kivuli changu mwenyewe. Halafu nilichora masanduku mawili kwa vitu vya Crispus. Halafu, pembeni, nilichora miviringo miwili mikubwa.

"Dada, hiyo ni nini?" aliuliza Nobert. "Nilisema soketi ni sanduku."

Nilifungua kikapu nikatoa soketi nilizonunua Kasindi, zile za matundu mawili ya mviringo. Kila mtu wa mpakani anazijua. Upande wetu plagi zina meno mawili ya duara. Upande wa Uganda zina meno matatu bapa. Friji yangu, pasi yangu, cherehani yangu ya umeme, vyote nilivinunua Butembo kwa jasho langu, na vyote vina meno ya duara. Ndivyo nilivyokutana na Crispus. Nilikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Bwera, nimeingiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili meno ya chaja yangu yakubali kuingia, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Dada, utakufa, na bado sijakuuliza jina." Alinitolea adapta mfukoni mwake.

"Hii njo prizi ya frigo," nilimwambia Nobert kwa fahari. "Na hii, ya pasi. Ni nzuri, ona, iko na kichuma ya katikati. Utaingiza ndani ya ukuta."

Nobert alizipokea, akazigeuza, akampa macho Crispus. Niligeuka. Tabasamu la Crispus lilikuwa limezimika.

"Wivine," alisema. "Hizo hapana."

"Juu ya nini apana?"

"Tutumie adapta tu. Adapta iko rahisi. Nitakununulia zile nzuri."

"Adapta?"

"Kwa muda kidogo. Baadaye tutaona."

"Plasta ikipita, baadaye gani? Si Nobert amesema sasa hivi?"

Alitazama mlangoni, kisha miguuni pake. Nikajua kuna kitu. Mwanaume akitazama miguu yake, mimi natafuta mahali pa kusimama vizuri.

"Mama anakuja," alisema. "Leo. Nilimwomba akuje aone nyumba. Nilifikiri akiona taa, akiona namna tunapanga, moyo utalainika. Sasa akiona hizi za Congo kwa ukuta, Wivine, unajua atasema nini."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekimbia."

Hapo hasira zilinipanda. Mimi nina hasira za karibu, nazijua, hazihitaji kupigiwa hodi.

"Mi nimeisha kukimbia, Crispus! Nilikimbia mara moja na mama, usiku, bila viatu, na haikuwa kwa kupenda. Sijakimbia tena toka ile siku. Weye njo unakimbia sasa, unakimbia mama yako ndani ya nyumba yako!"

"Mimi sikimbii. Mimi nataka kukuoa."

"Kama unanioa, oa na prizi yangu!"

Nobert alikohoa, akasema anaenda kuangalia mita ambayo, kwa kadiri nijuavyo, ilikuwa haijafungwa.

Crispus alinishika mkono wenye chaki. Macho yake yalikuwa na maji, na hilo lilinimaliza nguvu. "Nimengoja sana," alisema. "Kila Ijumaa nikipanda gari Kasese, mimi nafikiri, labda leo mama atakubali. Kila Ijumaa. Nimechoka kukuona na kukuacha kwa mlango ya shangazi yako. Hii soketi ni kitu kidogo. Wacha ipite."

Nilitaka kumweleza kwa nini haikuwa kitu kidogo. Nilikuwa bado natafuta maneno nilipomsikia mtu anatoa salamu mlangoni.

"Wasibire. Hapa kuko watu au nyumba inapiga kelele yenyewe?"

Alikuwa amesimama kizingitini, gauni lake la busuti, la bluu, limefungwa barabara, mkononi furushi la samaki wakavu ambao dada yake humletea kutoka Kahendero. Mama Rusi ni mrefu. Hana haja ya kupaza sauti, na hajawahi kujua kwamba hana haja.

"Mama, karibu," Crispus alisema, akamkimbilia. "Nilikuwa nakuja kukuchukua."

"Mimi niko na miguu. Nani anakataza mimi kuona? Nyumba iko kwa shamba ya Yosamu."

Nilipiga goti kidogo nikamsalimu. Alinipa vidole, akanipa na yale macho yake yanayoanza kwenye viatu. Sikuwa na viatu. Halafu akaanza kutembea. Sebuleni aliuliza misalaba ile ni ya kanisa gani, Crispus akamweleza ni taa. Kwenye baraza aliuliza kwa nini taa mbili, akaelezwa kuhusu kumbikumbi, na nadhani, sina hakika, mdomo wake ulitaka kucheka. Chumba cha kulala alichungulia tu akapita. Tulimfuata nyuma bila kupumua. Nobert naye alikuwa amerudi kutoka kwenye mita yake.

Jikoni akasimama mbele ya miviringo yangu.

"Hii nini?"

Crispus alifungua mdomo. Mimi nikawahi, maana ni mimi niliyechora.

"Ni prizi, mama. Soketi. Ya Congo. Bitu byangu biko na meno ya duara."

Mama Rusi aliweka samaki wake chini, juu ya tofali, taratibu.

"Crispus," alisema bila kunitazama. "Mimi nilisema nini? Nilisema hii binti ni ya kurudi. Ona sasa. Hata nyumba haijamaliza, yeye ameshaweka Congo kwa ukuta. Anajenga Kasindi kwa shamba ya baba yako."

"Mama, hapana namna hiyo," Crispus alisema. "Tutaweka adapta. Tayari tumekubaliana."

"Hatukukubaliana," nilisema.

Wote wawili walinigeukia. Nilijua kwamba nikinyamaza, labda mambo yatapona kidogo kidogo, kesho au Krismasi. Na nilijua kwamba sitanyamaza.

"Mama, niachie niseme, kisha unifukuze kama unataka. Adapta ni ya mugeni. Toka nivuke muto mi naishi na adapta. Kwa shangazi yangu, nikitaka kupiga pasi, naomba ruhusa, nachomeka, namaliza, nachomoa, naficha ndani ya sanduku. Papa yangu alinikataza. Aliniambia, 'Usipige hata musumari kwa ukuta ya batu, utarudi.' Sikupiga. Picha ya marehemu mama yangu iko ndani ya valizi, katikati ya nguo, mpaka leo, haijaona ukuta."

Nilielekeza chaki kwenye miviringo yangu ukutani. Nikaendelea.

"Mutu mwenye anafikiri kurudi, mama, hatoboe ukuta. Anabeba adapta mufukoni. Asubuhi anachomoa, anaenda. Mi nataka batoboe! Nataka fundi avunje tofali, aingize prizi yangu, amwagie simiti juu. Iko ya Congo, ndiyo, hata mi niko ya Congo, nitafanya nini? Lakini nataka iingie ndani ya hii nyumba mpaka isitoke. Mi sirudi, mama. Mi nampenda huyu mutoto yako. Sirudi."

Nilikuwa nimelisema. Nampenda, mbele ya mama mtu, jikoni, bila viatu, vumbi la matofali usoni. Crispus alikuwa ananitazama kama hajawahi kuniona. Baadaye aliniambia kwamba hadi dakika ile yeye mwenyewe aliogopa. Kila Ijumaa, alisema, alipanda gari Kasese akijiuliza kama bado nipo.

Mama Rusi alimgeukia Nobert.

"Wewe fundi. Ukiweka hii kwa ukuta, inatoka?"

"Mama, kutoka ni mpaka nivunje," alisema Nobert. "Na ukuta itabaki na kidonda."

"Na ile ingine? Adapta?"

"Hiyo?" Nobert alichukua adapta iliyokuwa mfukoni mwa Crispus, akaiinua, akaigeuza kama mtu anayechuma embe. "Unachomoa hivi tu. Hata mtoto."

Mama Rusi alitikisa kichwa, mara moja. Aliokota samaki wake. Akatoka jikoni.

Nilisikia nyayo zake kwenye korido, zikienda kuelekea mlangoni. Basi, nilijiambia. Nimeongea, nimemaliza ndoa yangu kwa mdomo wangu. Crispus alinishika mkono, safari hii kwa nguvu, vidole ndani ya vidole, na akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nobert, Jumatatu unakata hapo kwa duara. Mbili zote. Mama akitaka kukasirika, akasirike na mimi."

Nyayo zilisimama.

"Nyinyi! Kujeni hapa!"

Tulikwenda. Alikuwa amesimama mwanzo wa korido, mahali vyumba vya nyuma vinapoanza, ameinama kidogo anatazama mstari wangu wa chaki.

"Na hii?"

"Ni swichi ya korido, mama," alisema Nobert.

"Mbona iko juu hivi?"

"Ndiyo kipimo. Bega ya mtu."

"Bega ya mtu gani?"

Nobert alinitazama mimi, akamtazama Crispus, hakujua swali linatoka wapi. Mama Rusi alinyoosha kiganja chake mbele yangu. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa anaomba chaki. Nikampa.

Aliinama, akishika goti kwa mkono mmoja, akachora mstari mwingine chini kabisa, chini ya kiuno changu.

"Hapa," alisema.

"Mama!" Nobert alishtuka. "Hapo chini sana. Watu wakubwa watainama kila siku."

"Wainame. Wako na mgongo ya nini?" Alijinyoosha, akapangusa mkono kwenye busuti. "Usiku Masika akitaka kwenda kukojoa, atapanda kiti? Kama ni Baluku, yule hata kiti ataanguka nayo. Mkono yao itafika hapa. Mimi najua mkono ya watoto inafika wapi."

Kwetu, kote kuwili kwa mto, mtoto wa kwanza hahangaikiwi jina. Akiwa wa kike ni Masika, akiwa wa kiume ni Baluku. Jina linamngoja kabla hajazaliwa, kabla hata wazazi wake hawajaoana. Mama Rusi alikuwa amewataja wajukuu wake kama watu waliotumwa dukani na watarudi sasa hivi.

"Masika ya nani, mama?" aliuliza Crispus.

"Crispus, shule nilikulipia bure?" Alimpa mgongo. Alinitazama mimi, na safari hii macho hayakuanzia kwenye viatu. "Mbambu," aliniita, jina langu la nyumbani, ambalo sikujua kwamba analijua. "Ambia baba yako siku ya soko nakuja. Kwa miguu yangu. Na aambie watu wake wasinipikie kuku ngumu, meno yangu imeisha."

Nililia tu, na kucheka, na kulia. Crispus alinibeba juu mbele ya mama yake na mbele ya fundi, akanizungusha ndani ya korido ile nyembamba hadi viwiko vyangu vikagonga matofali, na sikusikia maumivu hata kidogo.

"Mweke chini," Mama Rusi alisema. "Kazi haijaisha. Hiyo ya sebule nayo iko juu."

Akashika njia na chaki yake, chumba hadi chumba, akiinama na kushusha kila swichi, huku Nobert akimfuata akilalamika kwamba hajawahi kuona nyumba ya namna hiyo Kasese nzima. Mimi nilikuja nyuma yao, machozi yananitiririka, nikifuta kwa kiganja mistari yangu yote ya juu.